Intaneti Tunayoisimulia na Intaneti Ilivyo

Kuna habari ya samaki ambayo imezunguka sana. Inadai kwamba zamani mtu aliweza kutulia juu ya jambo moja kwa sekunde 12, kwamba intaneti imemshusha hadi sekunde 8, na kwamba samaki mdogo wa kufugwa kwenye chupa sasa anamshinda kwa sekunde moja. Ilipata nguvu mwaka 2015 ilipotokea kwenye ripoti ya tawi la Microsoft nchini Kanada. Mwaka 2017 BBC wakautafuta utafiti uliozaa hesabu hiyo, wasiuone. Ripoti ilikuwa imeiokota kwa wakusanya takwimu, na hao nao hawakuonyesha walikoitoa. Hata samaki kasingiziwa: wanasayansi wamemtumia miaka mingi kuchunguza kumbukumbu, na wasingemtumia kama hana.

Cha kuchekesha ni kwamba habari ya kuwa hatuwezi tena kusoma kitu mpaka mwisho imeenezwa na watu walioisoma mpaka mwisho.

Kilichopimwa kweli ni kingine. Gloria Mark, profesa wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, amewafuatilia watu wakifanya kazi kwenye kompyuta zao tangu mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2004 alikuta mtu hukaa kwenye skrini moja wastani wa dakika 2 na nusu kabla ya kuhamia nyingine. Katika vipimo vya miaka ya karibuni wastani umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Kilichopimwa hapo ni tabia ya kuhamahama. Uwezo wa akili ni jambo jingine, maana mtu huyohuyo jioni hukaa saa mbili mbele ya filamu nzuri na hataki kusemeshwa. Mark aligundua pia kwamba mtu hujikatiza mwenyewe karibu mara nyingi sawa na anavyokatizwa na wengine. Hakuna kengele iliyolia wala ujumbe ulioingia. Mkono umekwenda wenyewe.

“Watoto wa siku hizi wamezaliwa nayo, wanaijua”

Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky aliandika kwamba vijana ni wenyeji wa ulimwengu wa dijitali na wakubwa zao ni wahamiaji. Maneno hayo yalipendeza, yakashika. Tangu hapo babu akishindwa kufungua picha humpa mjukuu simu, mjukuu akaifungua kwa kidole kimoja, na wote wawili wakaamini kwamba mtoto anaijua intaneti. Anachokijua ni simu.

Uchunguzi wa kimataifa wa ICILS wa mwaka 2018, unaopima ujuzi wa kompyuta na wa kutafuta habari, uliowapima wanafunzi wa mwaka wa nane wa masomo katika nchi kadhaa, ulikuta ni asilimia 2 tu waliofikia daraja la juu kabisa, la wale wanaoweza kutafuta habari peke yao na kuipima kama inaaminika. Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha wanafunzi wadogo wa sekondari ukurasa wenye habari na tangazo la kulipiwa, tena tangazo lenyewe limeandikwa wazi kuwa limedhaminiwa. Zaidi ya asilimia 80 walidhani nalo ni habari. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2016.

Usikimbilie kuwacheka. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew, wa Stanford pia, waliwakalisha mbele ya kompyuta watu wa aina tatu: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hichohicho, na wakaguzi 10 wa ukweli wa habari, wale wanaofanya kazi hiyo kila siku. Waliambiwa waseme tovuti fulani zinaaminika au haziaminiki. Wasomi na wanafunzi waliingia ndani ya tovuti wakakaa humo. Walisoma toka juu hadi chini, wakaangalia nembo, jina la tovuti na unadhifu wa maandishi. Wakaguzi walitoka karibu mara moja. Walifungua kurasa nyingine pembeni ili waone watu wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti ile, ndipo wakarudi kuisoma, wengine wasirudi kabisa. Walimaliza mapema na hukumu zao zilikuwa sahihi zaidi.

Nimelifikiria sana jambo hili. Msomi amefundishwa kuyaheshimu maandishi yaliyo mbele yake, na heshima hiyo ndiyo iliyomponza. Nje ya mtandao hatuna ujinga huo. Akija mtu kukukopa humwulizi yeye kama ni mwaminifu. Unawauliza waliowahi kumkopesha. Tukishika simu tunalisahau hilo, tunamwuliza mkopaji mwenyewe, tena tunavutiwa na alivyovaa.

“Nikishaitafuta nimeijua”

Hii ndiyo dhana ninayoiona kuwa na madhara kuliko zote, kwa sababu haina uchungu. Mwenye kudanganyika nayo anajisikia vizuri.

Mwaka 2015 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Yale, Matthew Fisher, Mariel Goddu na Frank Keil, waliwapa watu maswali ya aina ya “zipu inafanyaje kazi?” Kundi moja liliruhusiwa kutafuta majibu mtandaoni, jingine halikuruhusiwa. Kisha wote waliulizwa, bila kutafuta, wanadhani wangeweza kueleza kwa kiasi gani mambo mengine yasiyohusiana kabisa na yale ya mwanzo. Waliotoka mtandaoni walijipa alama za juu zaidi. Hawakuwa wamejifunza lolote kuhusu mambo hayo mapya. Kule kuwa karibu na majibu kuliwafanya wajione wanayo kichwani.

Je, basi kumbukumbu yetu imekufa? Hapana, na hapa wanaoilaani intaneti nao hutia chumvi. Mwaka 2011 Betsy Sparrow na wenzake walionyesha kwamba mtu akiambiwa alichoandika kitahifadhiwa kwenye kompyuta, hukikumbuka kidogo kuliko akiambiwa kitafutwa, lakini hukumbuka vizuri mahali kilipowekwa. Vichwa vya habari vikatangaza kwamba Google inatula ubongo. Walipokuja watafiti wengine mwaka 2018 kurudia jaribio mojawapo la kazi ile, halikutoa matokeo yaleyale. Na kukumbuka nani anajua nini ni mbinu ya kale kabisa. Ndivyo mume na mke wanavyogawana siku za kuzaliwa za ndugu na mahali zilipo hati za nyumba.

Tatizo liko kwenye kujifunza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivirudia kuvisoma, wengine walisoma kisha wakajaribu kuvikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliohangaika kukumbuka wakawaacha wenzao nyuma. Kuhangaika kule ndiko kunakopigilia somo kichwani, na ndiko hasa mtandao unakokuondolea: swali halijamaliza kuuma, jibu limefika. Mimi siku hizi huandika kwanza kwenye karatasi ninachodhani ndicho jibu, hata kama ni upuuzi, ndipo natafuta. Aibu ya kukosea hulifanya jibu lisisahaulike.

Kwa upande wa pili wapo waliodhani kwamba kozi za bure mtandaoni zitafunga milango ya vyuo. Mwaka 2012 gazeti la New York Times liliuita mwaka wa kozi hizo. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walipopitia takwimu za kozi za MIT na Harvard, vyuo vikuu vya Marekani, katika makala yao ya mwaka 2019, walikuta kwamba mwaka wa masomo wa 2017–18 waliomaliza walikuwa kama asilimia 3 ya waliojiandikisha. Zaidi ya nusu hawakuingia darasani hata mara moja. Walikuwa na masomo mfukoni, na mfukoni yakabaki. Waliolipia cheti, ambao ni wachache, karibu nusu yao walimaliza, kwa hiyo masomo yenyewe hayakuwa mabovu.

Kuhusu kusoma kwenye skrini nitasema machache. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti 54 ulikuta watu huelewa zaidi kidogo wakisoma kwenye karatasi, hasa maandishi ya maarifa na hasa muda ukiwa mfupi. Kwa hadithi hakukuwa na tofauti. Basi riwaya yako isome popote.

“Intaneti imetutenga na watu”

Robert Kraut wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ndiye aliyeipa dhana hii mguu wa kusimamia. Yeye na wenzake waliwafuatilia watu 169 wa kaya 73 katika mwaka mmoja hadi miwili yao ya kwanza mtandaoni, na mwaka 1998 wakatangaza kwamba waliotumia intaneti zaidi walizungumza kidogo zaidi na watu wa nyumbani, na upweke ulikuwa umeongezeka kidogo. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Iliyofuata haikuenea. Kraut aliwarudia watu wa uchunguzi ule, na mwaka 2002 akaandika kwamba madhara mengi yalikuwa yameyeyuka. Katika kundi jipya alilolichunguza, matokeo kwa jumla yalikuwa mazuri, ila mazuri zaidi kwa wachangamfu na kwa wale waliokuwa na watu wa kuwaegemea tangu mwanzo. Mwenye nacho ndiye aliyeongezewa.

Wanaojisifu kwa marafiki 3,000 nao wasome. Robin Dunbar, mtaalamu wa Oxford anayejulikana kwa hoja kwamba mtu humudu uhusiano wa kweli na watu wapatao 150, aliwachunguza watumiaji wa mitandao ya kijamii nchini Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Idadi ya watu ambao mtu angewakimbilia siku ya dhiki ilikuwa ileile ndogo, hata orodha iwe ndefu namna gani. Hilo halimaanishi orodha haina kazi. Tangu mwaka 1973 Mark Granovetter alionyesha kwamba habari za ajira mara nyingi humfikia mtu kupitia watu anaojuana nao kwa mbali, na hao ndio mtandao unaowahifadhi vizuri. Watakuletea tangazo la kazi. Usiwategemee wakati wa kuuguza.

“Uongo huenezwa na roboti”

Tungefurahi kama ingekuwa hivyo. Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral wa MIT walifuatilia mikondo ya habari 126,000 hivi iliyosambazwa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusambazwa upya, kwa asilimia 70, na ya kweli ilichukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Walipoziondoa kwenye hesabu akaunti za roboti, yaani zile zinazoendeshwa na programu badala ya mtu, picha haikubadilika, kwa kuwa roboti zilisukuma kweli na uongo kwa kasi moja. Tofauti ililetwa na watu. Uongo ulikuwa mpya zaidi masikioni, ukaamsha mshangao na karaha, na mtu aliyeshangaa hawezi kukaa nalo.

Za haraka haraka

Kufuli kando ya jina la tovuti halisemi kwamba mwenye tovuti ni mwema. Linasema tu kwamba mazungumzo yako naye hayasikilizwi njiani, na tapeli naye hupenda faragha. Watu walilielewa vibaya kiasi kwamba mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo. Dirisha la faragha la kivinjari nalo huficha safari zako kwa anayeshika kompyuta yako baadaye. Kampuni inayokuuzia intaneti bado inaona ulikokwenda.

Intaneti na wavuti si kitu kimoja. Ujumbe wa kwanza wa mtandao uliozaa intaneti ulitumwa tarehe 29 Oktoba 1969 kutoka UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, kwenda Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Lilikusudiwa neno “login”, zikafika herufi L na O mtambo ukazima. Wavuti, yaani kurasa tunazoziperuzi, mwanasayansi wa kompyuta Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989, intaneti ikiwa mtu mzima tayari.

Tena haiko angani. Karibu mawasiliano yote ya data kati ya mabara hupita kwenye kebo zilizolala chini ya bahari. Volkano ilipolipuka Tonga mwezi Januari 2022, kebo ilikatika, na kuiunganisha tena na dunia kulichukua takriban wiki 5. Visiwa vyake vya mbali vilisubiri zaidi ya mwaka.

“Siku hizi kila mtu yuko mtandaoni”

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 5.5 walikuwa wanatumia intaneti. Bilioni 2.6 hawakuwa wakiitumia. Mtu akisikia hivyo huwaza majangwa na misitu ambako mawimbi hayafiki, lakini wasiofikiwa kabisa ni sehemu ndogo. Wengi wa hao bilioni 2.6 wanaishi ndani ya eneo lenye intaneti ya simu. Mnara upo, na taa yake nyekundu wanaiona kila usiku. Walichokosa ni pesa za simu yenyewe au za kununulia data, au mtu wa kuwaonyesha pa kubonyeza, au ukurasa ulioandikwa kwa lugha wanayoisoma.