Tashtiti ya ngono katika vijitabu vya vita vya Waingereza

Tashtiti ya ngono ni maandishi yanayomshambulia mtu wa siasa kwa kupitia kitanda chake. Mwandishi atadai mkewe ana hawara, au kwamba yeye mwenyewe hana nguvu za kiume, au kwamba anaendeshwa na mwanamke. Mfano wake ulio wazi sana uko Uingereza ya karne ya 17, pale Mfalme Charles I na Bunge walipopigana kuanzia 1642. Wengi huyapita maandishi hayo wakidhani ni matusi ya vilabuni tu. Naona wanapoteza mengi, maana ndani ya matusi yale mna hoja kamili kuhusu nani anastahili kutawala.

Hadi 1641 kuchapisha kitabu London kulihitaji kibali, na mahakama ya kifalme ya Star Chamber iliwaadhibu vikali waliokwenda kinyume. Mwaka huo Bunge likaifuta mahakama hiyo. Vijitabu vikamwagika mitaani, pamoja na magazeti ya kila wiki yenye kurasa nane, ambayo kwa kawaida yaliuzwa peni moja. Muuza vitabu mmoja wa London, George Thomason, aliyakusanya kwa subira, na kufikia 1661 alikuwa na machapisho yapatayo 22,000. Bunge lilirudisha kibali 1643, lakini wachapaji wa siri waliendelea na kazi yao.

Waingereza wa wakati ule walifundishwa tangu utotoni kwamba baba ni mtawala wa nyumba yake, na mfalme ni baba wa nchi. Nyumba na dola vilishikana. Kwa hiyo kumwambia mwanasiasa kwamba nyumba imemshinda kulikuwa sawa na kumwambia kwamba hana haki ya kuongoza watu wengine.

Aliyeonja uchungu huo barabara ni Robert Devereux, Earl (cheo cha ukabaila) wa Essex, aliyekabidhiwa jeshi la Bunge mwaka 1642. Ndoa yake ya kwanza ilibatilishwa 1613 baada ya mkewe, Frances Howard, kudai kwamba mumewe hamwezi kitandani. Ndoa ya pili nayo ilivunjika kwa madai kwamba mke alitoka nje. Katika utani wa Waingereza, mume ambaye mkewe anatoka nje husemwa ameota pembe kichwani, na washabiki wa mfalme walimvisha jenerali huyo pembe kwa furaha. Dhihaka ilikuwa nyepesi kueleweka hata kwa asiyejua kusoma: mtu aliyeshindwa kulinda kitanda chake atailindaje nchi? Huzuni za faragha za mtu mmoja zikawa silaha ya vita, na hilo linaniuma kila ninaposoma habari zake.

Upande wa Bunge haukuwa na mikono safi. Baada ya mapigano ya Naseby, Juni 1645, askari waliteka barua za mfalme na Malkia Henrietta Maria, na Bunge likazichapisha hadharani. Maelezo yaliyoambatishwa yalisisitiza kwamba mashauri ya mfalme yako mikononi mwa mkewe: mwanamke, mgeni, tena Mkatoliki. Lugha ni ya adabu, lakini pigo ni lile lile la kwa Essex.

Mwaka 1647 kilitoka kijitabu kinachohusishwa na Henry Neville, kuhusu bunge la mabibi wa tabaka la juu. Wanawake wanaketi, wanajadili na kupitisha maazimio kwa lugha ya Bunge halisi, ila ajenda yao ni raha zao. Hapo mzaha unakata pande mbili. Unawadharau wanawake, na wakati huo huo unafanya maneno mazito ya Bunge yasikike kama upuuzi.

Mfalme alipokatwa kichwa Januari 1649, waandishi wake waliendelea kwa siri. John Crouch, katika gazeti lake la The Man in the Moon, aliwaandama watawala wapya kwa visa vya uzinzi. Mei 1650 watawala hao wakapitisha sheria ya kuua wazinzi, na mashtaka ya namna hii yakapata makali mapya. Henry Marten, mbunge aliyetia sahihi hati ya kumuua mfalme, aliishi waziwazi na Mary Ward ambaye hakuwa mkewe wa ndoa. Mwaka 1662, baada ya ufalme kurudishwa na yeye kutiwa kifungoni, barua zake kwa Mary zilichapishwa ili kumwaibisha.

Waliolipa gharama kubwa zaidi ni wanawake wa kawaida walioingia siasa. Aprili 1649 mamia yao walipeleka ombi Bungeni wakitaka viongozi wa Levellers, kundi lililodai haki za raia, waachiwe kutoka gerezani. Wakaambiwa mambo hayo yamewazidi kimo, warudi nyumbani wakaoshe vyombo. Baadhi ya magazeti yakawageuza kichekesho cha aibu, kana kwamba mwanamke anayesimama mlangoni pa Bunge amekuja kutafuta mwanamume. Mwezi uliofuata walirudi na ombi jingine lililochapishwa, wakisema wameumbwa kwa mfano wa Mungu sawa na wanaume, na kwamba wana fungu lao katika uhuru wa nchi.