Kiini kikubwa cha seli hakimaanishi saratani ya thairoidi
Wengi huamini kwamba viini vya seli za uvimbe wa tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, vikipimwa na kukutwa vikubwa, basi hiyo ni saratani. Sivyo. Adenoma ya folikuli, yaani uvimbe wa vifuko vidogo vya tezi hiyo ambao si saratani, huweza kuwa na viini vikubwa mno, vyeusi, vya maumbo ya kutisha; saratani ya folikuli nayo ikawa na viini vidogo vilivyolingana. Kinachoamua ni kama seli zimetoboa utando unaozingira uvimbe au zimeingia kwenye mishipa ya damu. Sampuli ya sindano haionyeshi hilo, ndiyo maana mara nyingi mgonjwa hupasuliwa kwanza, jibu kamili likafuata. Saratani ya papila, aina nyingine ya saratani ya thairoidi, ni habari nyingine kabisa: huko viini husema mengi, ila kwa sura kuliko ukubwa pekee. Vimepauka, vimelaliana, na vina mfereji kama wa punje ya kahawa.