Kampuni ya dawa ikitaka kufadhili utafiti wa chuo, huwa mwapatana nini hasa?

Watu wengi wakiskia kampuni ya dawa imefadhili utafiti chuoni, picha inayowajia ni ile ya gazetini, wakubwa wamevaa suti wameshikilia cheki la kadibodi wanacheka. Ile picha hupigwa mwisho kabisa, saa zingine haipigwi. Kabla yake kuna miezi ya kuandikiana imeli, mawakili kufuta maneno na kuyarudisha, mtu wa uhasibu kuuliza hii laini ni ya nini, na kazi hio yote ndo kupatana ufadhili: chuo na kampuni kukubaliana kampuni italipa nini, italipa lini, itapata nini, na kitu gani haitapata hata ikilipa. Hicho cha mwisho ndo watu husahau kuuliza na ndo nitakikalia sana hapa, manake kupatana bei yenyewe si kazi ngumu, yeyote aliyewahi kununua leso Biashara Street ajua kupatana bei.

Kwanza tutenganishe. Pesa za kampuni huja kwa njia mbili kubwa. Njia moja, kampuni ina dawa yake, imeshaandika itifaki, yaani mpango wote wa utafiti hatua kwa hatua, yatafuta hospitali na vyuo vya kuifanyia majaribio, nyinyi mwakuwa kituo kimoja kati ya vingi duniani. Hapo itifaki haiguswi, mwapatana bajeti na mkataba basi. Njia nyingine, mtafiti wa chuo ndo mwenye swali lake, aenda kwa kampuni awaambie nisaidieni dawa na pesa nilijibu. Hapo sauti yenu ni kubwa zaidi lakini na mzigo ni wenu, chuo ndo huwa mdhamini mbele ya sheria, ripoti za madhara mwaandika nyinyi, ukaguzi ukija wabisha mlango wenu. Kuna watu hufika mezani wakidai uhuru wa njia ya pili na wao wako ya kwanza, halafu washangaa mbona kampuni haisongi.

Mezani wenyewe kuna nani? Upande wa chuo ni mtafiti mkuu, ofisi ya utafiti, wakili. Kwa maoni yangu mtafiti mkuu ndo mtu mbaya zaidi wa kuachiwa apatane peke yake, si kwamba hana akili, ni kwamba ashaupenda utafiti, na mtu aliyependa hawezi kusema basi tuache. Upande wa pili mara nyingi hata si kampuni yenyewe, ni kampuni ya kati inayolipwa kuendesha majaribio, na yule mnayeongea naye ana dari yake ya bei aliyopewa kwenye karatasi, chini ya dari hio aweza kukubali leo leo, juu yake lazima aulize mkubwa wake. Kwa hivyo akikwambia nitauliza, usikate tamaa, umeshafika kwenye dari.

Haya, bajeti. Tuseme ni dawa ya selimundu, ugonjwa tulio nao sana huku Pwani, na kampuni yasema dola 2,000 kwa kila mgonjwa atakayemaliza ziara zote, yaani zile siku za kuja kliniki, yataka wagonjwa 40. Dola 80,000, watu wachangamka. Sasa rudi ulisome tena lile neno atakayemaliza. Kupata 40 waweza kuhitaji kupima 100, na hao 60 wasiofaa kila mmoja ashatolewa damu, muuguzi ashakaa naye saa nzima akimsomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, saa zingine kwa Kidigo, nani alipa? Mama atoka Kwale na mtoto, feri ya watu wa miguu ni bure lakini matatu za huku na kule si bure, aja ziara tatu ya nne asije, mmeshatumia pesa na kwa maandishi ya kampuni huyo hakumaliza. Kuna friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kwenye joto la Mombasa, na jenereta yake, na dizeli ya jenereta. Kuna ada ya kamati ya maadili, ada ya Bodi ya Dawa na Sumu, famasia wa kutunza dawa, na chumba cha kuweka mafaili miaka mingi baada ya kila mtu kusahau utafiti ulihusu nini. Hivyo vyote ama viko kwenye bajeti ama vyatoka mfukoni mwa hospitali.

Ndo maana wanaojua huomba malipo kwa kila ziara iliyofanyika wala si kwa aliyemaliza, huomba waliopimwa wasifae walipiwe pia, na huomba pesa ya kuanzia isiyorudishwa hata utafiti ukifa kabla ya mgonjwa wa kwanza, kwa sababu ile kazi ya kutafuta vibali mmeshaifanya. Kampuni pia hupenda kushikilia kiasi fulani, asilimia kumi hivi, mpaka data isafishwe yote, yaani ikaguliwe na makosa yarekebishwe. Hio yapatanika, ishushwe ama iwekewe tarehe. Na muda wa kulipa invoisi uangaliwe sana, siku 30 na siku 90 kwenye karatasi ni tarakimu tu lakini muuguzi wa mkataba kodi yake ya Kisauni haingoji siku 90.

Halafu dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika kama shilingi 160, kufikia katikati ya mwaka huo huo ilikuwa imeshuka kwenye 129, 130. Zile dola 80,000 kwa 160 ni shilingi 12,800,000, kwa 129 ni 10,320,000. Karibu milioni mbili na nusu zimeyeyuka na hakuna aliyeiba, mishahara mwalipa kwa shilingi. Kipengele cha kuangalia bajeti upya shilingi ikicheza kupita kiasi ni mistari miwili tu, na wengi hawakiombi.

Kuna na ovahedi, ile asilimia chuo hujikatia kwa umeme, maji, askari, uhasibu. Kampuni huivuta chini, na cha kuchekesha hata watafiti wenyewe hulalamika ati chuo chawala. Mimi sioni kama ni wizi, lakini chuo kisichoweza kuonyesha pesa hio iliendea wapi chajitafutia maneno.

Sasa twende kwenye haki ya kusema, yaani kuchapisha matokeo, hapa ndo watu huumia. Mwaka 1987 kule Marekani, Betty Dong, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, alichukua pesa za kampuni ya Boots kulinganisha dawa yao ya tezi, Synthroid, na nyingine tatu za homoni hio hio. Synthroid ndo iliyokuwa ikiuza zaidi, na kampuni ilitarajia ionekane bora. Matokeo yakatoka kwamba zote nne zafanya kazi sawa, yaani mgonjwa aweza kutumia ya bei ya chini. Jarida la tiba la Marekani, JAMA, likaikubali makala, ikabaki siku chache ichapishwe mwezi wa kwanza 1995, na hapo kampuni ikautoa mkataba: ndani yake imeandikwa matokeo hayatachapishwa bila idhini ya maandishi ya kampuni. Yeye mwenyewe alitia saini. Sera ya chuo chake haikuwa ikiruhusu kipengele kama hicho na bado kilipita, mawakili wa chuo wakamwambia akishtakiwa yuko peke yake, akaiondoa makala. Ilichapishwa 1997 baada ya habari kutoka magazetini. Hesabu kwamba data ilikuwa tayari tangu 1990, na miaka yote hio watu waliendelea kununua ya bei ghali.

Canada nako, 1996, daktari Nancy Olivieri wa hospitali ya watoto ya Toronto aliona dawa aliyokuwa akiijaribu kwa watu wenye thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, huenda yapoteza nguvu kwa baadhi yao, akataka kuwaambia wagonjwa. Kampuni ya Apotex ikasimamisha majaribio na kumtishia kumpeleka mahakamani. Na wakati huo Chuo Kikuu cha Toronto kilikuwa kwenye mazungumzo na kampuni hio hio kuhusu mchango mkubwa wa pesa, kwa hivyo wewe piga picha chuo kilisimama na nani.

Soma vipengele viwili hivi polepole. Cha kwanza: mtafiti hatachapisha bila idhini ya kampuni. Cha pili: mtafiti ataipa kampuni nakala siku 30 kabla ya kuipeleka kwa jarida, kampuni itatoa maoni, na ikihitaji kuandikisha hataza, ile haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, itaongezewa muda usiozidi siku 60. Kwa haraka vyafanana, vyote kampuni yasoma kwanza. Lakini cha pili kina tarehe ya mwisho, siku zikiisha nyinyi mwachapisha, kampuni ipende isipende, cha kwanza hakina mwisho, kampuni yaweza kunyamaza tu na kimya chake kikatosha. Kama mko vituo vingi ni haki kampuni iseme tungojee makala kuu ya pamoja itoke kwanza, mradi iandikwe isipotoka ndani ya miezi 12 ama 18 kila kituo kiko huru na data yake.

Na msiogope kulisimamia hili, kwa sababu tangu 2001 wahariri wa majarida makubwa ya tiba walitangaza pamoja kwamba utafiti ambao mfadhili peke yake ndo mwenye data, ama aweza kuuzuia, hawautaki. Kampuni nayo yataka jarida kubwa, ndo litakalouza dawa. Kwa hivyo mkikataa kipengele kibaya mwailinda makala ambayo hata wao waihitaji, na mkiwaeleza hivyo mara nyingi wakili wao hulegea.

Data, sampuli kama damu ya wagonjwa, na hataza huja pamoja. Hapa kwetu mwaka 2000 kulizuka mzozo baada ya hataza ya chanjo ya Ukimwi kuombwa na watafiti wa Uingereza bila wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi kutajwa, na utafiti wenyewe ulitokana na wanawake wa Majengo, Nairobi, ambao miili yao ilionekana kuvistahimili virusi. Ilibidi makubaliano yaandikwe upya. Haikuwa hata kampuni ya dawa, walikuwa watafiti na wafadhili wa umma, sasa fikiria mtu wa biashara. Kwa hivyo sampuli ikiondoka Mombasa iondoke na mkataba wake unaosema itapimwa nini, itabaki miaka mingapi, na ikizaa kitu nani ana fungu. Majina ya wagonjwa hayaendi popote, kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019.

Bima ya mgonjwa akidhurika na dawa ya majaribio ilipwe na kampuni, hapo hakuna cha kupatana, ukiona wanazungusha maneno simama. Na dawa ikionekana yafanya kazi, mgonjwa aendelee kuipata vipi baada ya utafiti kufungwa? Azimio la Helsinki, ule mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti kwa binadamu, lataka hili lipangwe kabla ya kuanza. Kampuni nyingi huweka lugha ya tutajaribu, nyinyi wekeni miezi.

Kusitisha ndo kipengele kinachosomwa na macho yameshachoka, kiko mwisho wa mkataba. Kampuni hubaki na haki ya kusimamisha wakati wowote, sawa, lakini iandikwe italipa gharama zote mpaka siku hio, pamoja na zile ambazo mmeshajifunga nazo kama mishahara ya mwezi, na pesa ya kuwatoa wagonjwa kwenye dawa kwa usalama. Na itifaki ikibadilishwa katikati, wakaongeza ziara mbili na kipimo kimoja cha damu, msianze kuvifanya kwa bei ya zamani ati mtaongea baadaye, bajeti ifunguliwe tena, isainiwe na chuo wala si na daktari aliyekutana nao kwa mkutano wa hoteli, ndo ziara mpya zianze.