Maana ya thamani ya ukusanyaji katika bastola za kijeshi za zamani

Thamani ya ukusanyaji ni bei ambayo mkusanyaji mjuzi hukubali kulipia bastola kwa sababu ya ushahidi inaoubeba kuhusu jeshi lililoitumia, wala si kwa uwezo wake wa kufyatua risasi. Umri peke yake hauiongezei bei kubwa, kwa kuwa majeshi ya vita viwili vya dunia yaliagiza bastola nyingi mno, na nyingi zingalipo.

Linalotangulia yote ni uasilia. Luger P08, iliyopokewa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908, ina namba kamili ya utambulisho kwenye kiunzi, yaani mwili wa bastola, na tarakimu mbili za mwisho zimerudiwa kwenye vipande vidogo. Kwa hiyo mkaguzi husoma kipande kimoja baada ya kingine ili aridhike kwamba vyote vilitoka kiwandani pamoja. Kimoja kikitofautiana, bei hushuka, hata bastola ikiwa nzima. Chapa za wakaguzi wa jeshi nazo zinahitaji jicho kali, maana walaghai huzigonga upya, na chapa mpya juu ya chuma kilichochakaa inatia shaka.

Webley Mk VI ya Uingereza, ya mwaka 1915, imeharibiwa kwa njia nyingine. Nyingi zilizouzwa Marekani zilichongwa upande wa nyuma wa silinda, kile kipande kinachozunguka kikibeba risasi, ili zipokee risasi za .45 (kipenyo kwa inchi), zilizopatikana kwa urahisi kuliko zile za .455 zilizokusudiwa awali, na chuma kilichoondolewa hakirudi.

Kwa familia ya Nairobi iliyorithi silaha ya babu, nasihi yangu ni moja: msiing'arishe wala msiipake rangi mpya, kwani rangi ya kiwandani iliyofifia humvutia mkusanyaji kuliko mng'ao wa fundi. Masimulizi kwamba ilitekwa katika vita vya Afrika Mashariki vya 1914 hadi 1918 yana uzito yakiambatana na barua, picha au hati ya wakati huo. Na ingekuwa hasara kubwa karatasi za askari wetu zitupwe huku chuma kikihifadhiwa. Kabla ya kutafuta mthamini, hakikisheni umiliki unatimiza masharti ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kupitia Bodi ya Leseni za Silaha, kwa sababu mnunuzi halali ataulizia cheti kabla ya kuuliza namba.