Mmea wa mitungi haufi kwa sababu tu uko ndani

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu: eti mmea wa mitungi wa kitropiki (ule ambao majani yake hufanya mitungi ya kunasa wadudu) ukiwekwa ndani hufa, sharti uanikwe juani kutwa. Si kweli. Mmea huo, yaani Nepenthesi, hustawi hata dirishani, mradi apate mwanga mwingi na hewa yenye unyevu. Muhimu zaidi ni aina: za milimani, kama zile za milima ya kisiwa cha Borneo, hutaka usiku wa baridi, za nyanda za chini hutaka joto.

Chunguza mwenyewe. Ncha ya jani ikikauka kabla ya kufanya mtungi, mara nyingi hewa ni kavu au mwanga haba. Majani yakibabuka, jua limezidi.

Wengi huuchanganya na Sarasenia, mmea mwingine wa mitungi wa Amerika Kaskazini, ambaye kweli hupenda jua kali. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.