Anayechangia Kazi ya Sanaa Apewe Sauti na Asomewe Hesabu

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu hapa Mwanza kuhusu michango ya sanaa mtandaoni yanafanana. Msanii wa Igoma au Nyegezi anatangaza kwamba anatafuta fedha za kurekodi albamu, kutengeneza filamu fupi au kuchapa kitabu. Watu wanachanga, wengine wakiwa Dar es Salaam, wengine ughaibuni. Kisha ukurasa unanyamaza. Mchangiaji akiuliza, anaondolewa kwenye kundi. Hapo ndipo anapokuja kwetu na simu mkononi, akisema ametapeliwa.

Wengi wanaolalamikiwa si matapeli. Walianza kwa nia njema, studio ikapandisha bei au mwigizaji mkuu akahama mji, wakaona aibu kusema. Kukwama kwenyewe si ajabu. Mwaka 2015 Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alichunguza miradi iliyofanikiwa kupata fedha kupitia Kickstarter, mtandao wa Kimarekani wa kuchangisha fedha za kazi za ubunifu, na kukuta takribani asilimia 9 ilishindwa kuwapa wachangiaji walichoahidiwa. Hata kwenye mfumo uliokomaa, basi, ipo miradi inayokwama. Kinachowaudhi wachangiaji wetu ni kunyamaziwa.

Na kauli kwamba watu wa Kanda ya Ziwa hawachangii sanaa tuiache. Watu hao hao wanachangia harusi, kipaimara na misiba mwaka mzima. Wanachangia pale wanapomjua mhazini. Orodha ya harusi kwenye WhatsApp ina ahadi na taslimu, aliyelipa anawekewa tiki, na jumla inaandikwa upya kila jina likiongezeka. Sherehe ikiisha, siku ya kuvunja kamati hesabu inasomwa, na kikibaki kitu wajumbe wanaamua kiende wapi. Orodha ya filamu niliyoonyeshwa hivi karibuni ilikuwa na majina matupu. Haikuwa na mhazini wala jumla, na namba ya kutumia fedha ilibadilishwa katikati ya mchango bila neno la maelezo. Mtu yule yule aliyetoa elfu hamsini kwenye harusi ya jirani atasita hapo, na ana haki ya kusita.

Kuna upande wa pili ambao wasanii wetu wanausahau kabisa: kumshirikisha mchangiaji katika kazi yenyewe. Usukumani mtazamaji hajawahi kuwa mgeni wa ngoma. Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma ya Wasukuma, wakishindana, kama ilivyo katika sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa upande uliovuta umati mkubwa zaidi. Mtazamaji anaamua kwa miguu yake. Ndiyo maana wachezaji wanahangaika kubuni vituko vipya, kwa sababu umati ukichoka unahamia ng'ambo. Msanii wa mtandaoni anayeuliza tu "nani bado hajatuma?" amemwondolea mtu wake nafasi hiyo.

Mpe mambo ya kuamua, na yawe mambo ambayo kweli hujayaamua. Weka majalada mawili ya albamu apige kura. Uliza onyesho la kwanza lifanyike Kirumba au Nansio. Mtumie sauti ya mazoezi ya dakika moja, hata kama kinanda hakijakaa sawa. Mwenye boti pale Mwaloni ambaye hana elfu kumi anaweza kukupa boti yake asubuhi moja upigie picha; mwandike kwenye orodha kama mchangiaji. Usiulize maoni ukiwa umeshachapa jalada. Watu hugundua, na mara ya pili hawajibu.

Ushirikishwaji huu una mpaka wake. Kuchangia fedha hakumfanyi mtu kuwa mmiliki wa hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda aliyeibuni kazi, katika maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Wazo tupu halilindwi. Lakini mchangiaji akikuandikia ubeti na wewe ukauimba kama ulivyo, hapo ana haki yake, nanyi muandikiane mapema.

Sasa taratibu, na hizi naomba zisomwe polepole. Fedha zisipite kwenye namba binafsi ya msanii, ya mke wake wala ya binamu. Fungueni akaunti ya kikundi. Kwa kawaida benki itataka katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichoamua kufungua akaunti, barua ya utambulisho na vitambulisho vya watia saini. Watia saini wawe watatu, na fedha zisitoke bila wawili kuidhinisha. Mkitumia Lipa Namba, jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri liwe lile lile mlilotangaza. Mchangiaji akiona jina jingine, asimalize muamala. Apige simu kwanza.

Bajeti itangazwe pamoja na lengo, na iandikwe mapema lengo lisipofikiwa itakuwaje: fedha zirudi au kazi ipunguzwe. Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, haimpi mwenye mradi hata senti kama lengo halikutimia, na likitimia inakata asilimia 5 mbali na gharama za malipo. Mfumo huo haufungulii akaunti za wenye miradi walioko Tanzania, hivyo wengine hupitia kwa ndugu aliyeko Marekani. Mjue kwamba mbele ya mfumo mwenye mradi ni huyo ndugu. Mkikosana, barua ya ofisi yetu haitamfikia.

Kama ni filamu, kibali cha kupiga picha kutoka Bodi ya Filamu kitafutwe kabla kamera haijatoka kwenye begi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 iko wazi. Mchangiaji anaruhusiwa kuomba kukiona kibali hicho. Orodha ya wachangiaji isibandikwe hadharani na namba kamili za simu, kwani hizo ni taarifa binafsi, nazo zina sheria yake ya mwaka 2022.

Jambo linalotuchosha zaidi ni ahadi za faida. "Changia laki moja, filamu ikiuza upate laki mbili" si mchango tena. Ukiuza umma hisa au sehemu ya faida, umeingia eneo la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, chini ya sheria ya 1994. Kujiita msanii hakukutoi humo, na tumelieleza hili mara nyingi mno. Mwahidi mchangiaji nakala ya kitabu, tiketi, jina lake mwishoni mwa filamu. Vitu hivyo unaweza kuvitoa.

Udanganyifu wa makusudi ni kosa la jinai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 12, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu kumo pia katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302. Mradi uliochelewa huku hesabu zikisomwa ni habari tofauti, na hatupendi kuona kijana mwenye kipaji akiburutwa polisi kwa sababu tu hakuandika "tumekwama".

Kwa anayeamini ametapeliwa: usifute meseji ya muamala. Hifadhi picha za skrini zinazoonyesha tangazo, tarehe na jina la akaunti. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040. Utajibiwa na kutakiwa kutuma namba iliyokutumia. Wapigie huduma kwa wateja wa mtandao ulioutumia kulipa, kisha nenda kituo cha polisi upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Ukija ofisini kwetu njoo na namba hiyo pamoja na nakala ya tangazo la awali, lile lenye bajeti. Kama tangazo halikuwa na bajeti, tuambie hivyo hivyo, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza tutakalomuuliza msanii.