Maziwa hayaondoi sumu: maswali ya majirani wa dampo

Zahanati yetu iko ukanda wa chini wa Moshi, ambako mashamba ya mpunga na nyanya yamepakana na nyumba, na vijana wengi wanaishi kwa kuokota makopo na vyuma chakavu. Maswali haya nimeulizwa kwenye foleni ya kliniki ya watoto, mlangoni nikitoka, na mara nyingine saa nane usiku. Nimeyaacha yalivyoulizwa.

Taka hatarishi ni zipi hasa?

Ni taka zinazoweza kuua, kuunguza, kulipuka au kuharibu mwili polepole. Kwetu huku ni madumu ya viuatilifu (sumu za kuulia wadudu wa mazao), betri za magari, oili chafu, taka za hospitali, na dawa za shamba zilizokwisha muda na kusahauliwa stoo. Ganda la ndizi halimo, hata likinuka mtaa mzima.

Dampo lisiponuka, si ina maana hakuna kemikali?

Hapana. Kinachonuka ni chakula kinachooza. Madini ya risasi hayana harufu, na udongo uliomwagiwa sumu miaka kumi iliyopita unaweza kuwa mkavu na kuota majani kama kawaida. Pua si kipimo.

Sasa wataalamu wanajuaje kama eneo ni hatari kwa watu?

Wanaifuata sumu kutoka ilipo hadi mwilini. Kwanza, kuna nini pale, na kwa kiasi gani. Kisha inasafiri na nini: maji, vumbi, moshi au mboga. Watu wanakutana nayo wapi: kisimani, uwanjani, jikoni. Inaingilia wapi: kinywani, puani au kwenye ngozi. Mwisho, ni nani anayeipata, na kwa muda gani. Mnyororo huu ukikatika popote, sumu ipo lakini haimfikii mtu.

Ndiyo maana pipa la kiuatilifu lililofungwa vizuri, ndani ya stoo ya saruji yenye kufuli, halinikoseshi usingizi kama dumu la lita tano lililosuuzwa mferejini na kutiwa maziwa. Lile pipa halijaenda popote. Lile dumu limeshafika mezani.

Dumu nimeliosha kwa sabuni na maji ya moto. Bado?

Bado. Plastiki hunywa dawa, kisha huitoa kidogo kidogo kwenye utakachoweka: maji, mafuta ya kula, mbege. Likiisha, lisuuze mara tatu, maji hayo yamimine kwenye bomba la kupulizia yaishie shambani, kisha litoboe. Ukishalitoboa hakuna atakayekuomba. Usilichome nyuma ya nyumba, moshi wake nao ni sumu.

Mtoto amekunywa dawa ya nyanya. Nimpe maziwa kwanza?

Usimpe. Mlete.

Nieleze, kwa sababu hili ndilo linalonichosha. Dawa nyingi za maji zikichanganywa zinageuka nyeupe, kama maziwa hasa. Watu wananunua dawa ya kupima, wanatiliwa kwenye chupa ya soda, wanaiweka chini ya kitanda. Mtoto ana kosa gani? Mama mmoja alimleta wa kwake wa miaka minne akiwa anatokwa mate mpaka kifua kimelowa, jasho linamtiririka, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, misuli ya shavu inachezacheza. Shati lilikuwa bado na dawa. Nikauliza ametoka kunywa saa ngapi. Saa mbili zilizopita. Walikuwa wanamnywesha maziwa, jirani kasema yatakata sumu, wakasubiri atapike.

Tulimvua, tukamwosha mwili mzima kwa sabuni, tukamwanzishia atropini, dawa ya kupinga sumu ya aina hiyo, akapelekwa hospitali ya rufaa. Alipona. Lakini zile saa mbili zilikuwa zake, na tulimnyang'anya.

Lakini bibi zetu walitumia maziwa, na watu walipona.

Walipona waliokunywa kidogo. Wangepona hata kwa uji. Maziwa hayaondoi sumu. Viuatilifu vya aina hii hufungia mwili ule uwezo wa kuzima ishara za mishipa ya fahamu, kwa hiyo mate, jasho na makohozi hayakomi mpaka mtu anazama kwa maji yake mwenyewe. Maziwa yanafanya nini hapo? Mgonjwa akisinzia au akidegedeka, yanapanda na kuingia mapafuni, yakiwa na dawa ndani yake.

Na usimtapishe: si kwa kidole, si kwa maji ya chumvi. Mvue nguo zenye dawa, mwoshe, njoo na chupa yenye lebo yake. Kama lebo haipo, njoo na chupa hivyo hivyo. Rangi ya ukanda chini ya lebo nayo inatusaidia: nyekundu ndiyo kali kuliko zote.

Mimi ni fundi wa kupaka rangi, kazini tunapewa pakiti ya maziwa kusafisha kifua.

Kunywa, ni chakula kizuri. Ila maziwa yanakwenda tumboni na rangi inakwenda mapafuni. Mwambie bosi wako maziwa si barakoa.

Mume wangu anavunja betri nyumbani. Watoto hawagusi.

Wanagusa. Vumbi la risasi iliyomo kwenye betri linarudi na nguo zake, viatu vyake, mkono anaowabebea. Mtoto hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Dalili zinadanganya: tumbo kuuma, choo kigumu, upungufu wa damu, mtoto mzito darasani. Anapewa dawa ya minyoo mara tatu, tunasonga mbele. Kipimo ni cha damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kuwa mtoto akifikia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kikomeshwe. Mlo wenye kalsiamu na madini ya chuma humpunguzia kufyonza. Hiyo ni lishe ya kila siku. Isije mtu akasema nesi karuhusu maziwa.

Na wajawazito mnaotafuna udongo, nao unaweza kuwa na risasi: mnajua umechimbwa wapi?

Maji ya kisima nikichemsha, kemikali zinakufa?

Wadudu ndio wanaokufa. Risasi na floraidi zinabaki, na maji yakipungua sufuriani zinazidi ukali. Kwa majirani zetu wa Arumeru floraidi inatoka kwenye miamba yenyewe, hakuna dampo la kulaumiwa, na meno ya kahawia ya watoto ni ushahidi tosha. Kiwango cha juu kinachoshauriwa ni miligramu 1.5 kwa lita.

Stoo ya zamani kijijini ina mifuko ya dawa imepasuka. Tuizike?

Msiizike, msiichome, msigawane. Fungeni mlango, watoto wakae mbali, mpelekeeni taarifa afisa kilimo na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko Ngaramtoni, Arusha. Si mbali hivyo.

Wakija kupima dampo letu, tuwaambie nini?

Waonyesheni kisima mnachotumia kweli, si kile kizuri cha karibu na ofisi ya mtaa. Mchicha unaoota pembeni, nani anaula na nani anaupeleka sokoni. Moshi wa jioni unaelekea nyumba zipi. Kuku wa nani wanashinda pale, na mayai anayala nani. Na yule kijana aliyekuwa akiyeyusha betri nyuma ya uzio mwaka juzi, waonyesheni palipokuwa na jiko lake, hata kama sasa watoto wamepafanya goli.